Kidole Juu ya Mpira

Kvannavik,
Jumapili, baada ya kanisa

Mdogo wangu mpendwa Rógvi,

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanaposikia habari za mpira wa visiwani kwetu ni kudhani kwamba penalti hupigwa na mtu mmoja. Hata huko Denmark uliko, nina hakika kwamba ukiwasimulia majirani zako ule msimu wa mwaka sabini na sita, wanakuona umesimama peke yako mbele ya goli. Nisamehe kwa kuanza na hilo kabla ya salamu. Mwalimu hustaafu darasa, hastaafu kusahihisha.

Sasa salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji yangu Lisbet, na kwamba kile kikohozi kilichomsumbua wakati wa Krismasi kimemwacha. Sisi huku hatujambo. Bega langu la kushoto huuma mvua ikikaribia, maana yake huuma kila siku. Kondoo wameanza kuzaa. Nyama tuliyotundika bandani tangu vuli imekauka vizuri kuliko ya mwaka jana, kwa sababu upepo haukupumzika hata kidogo, na Birita wangu amekata paja moja akaliweka kando akisema hilo ni la Rógvi. Anakusalimu sana. Anakusalimu sana kuliko inavyohitajika.

Habari kubwa ya kijiji ni kwamba klabu inaadhimisha miaka hamsini tangu msimu ule tulipopanda daraja la kwanza. Mwenyekiti siku hizi ni Sunnvá, binti wa marehemu kocha wetu Dánjal, na ana sauti ya baba yake na haraka ya baba yake. Amepanga kwamba mechi ya kwanza ya nyumbani mwaka huu itanguliwe na sisi wazee kuingia uwanjani, na penalti ile ya siku ya mwisho ipigwe upya, mahali palepale, watu wakitazama. Ni nani amepangwa kuipiga, nitakuambia baadaye. Usirukie ukurasa wa mwisho, nakujua. Nataka kwanza uone msimu ule kutoka mahali nilipokuwa mimi, yaani kutoka chini.

Najua haya yote unayajua. Lakini wewe uliyajua ukiwa umesimama.

Uwanja wetu wa wakati ule ulikuwa wa changarawe, umebanwa kati ya mlima na bahari, na upepo ulikuwa haumheshimu mtu. Mpira ukiwekwa kwenye alama ya penalti haukukaa. Ulianza kutembea wenyewe kama kondoo aliyesikia ndoo ya chakula. Ndiyo maana kwetu ikakubalika mchezaji mmoja alale kifudifudi, anyooshe mkono, auzuie mpira kwa kidole kimoja mpaka mwenzake aupige. Mgeni akiona hucheka. Kwetu ni kazi kama kazi nyingine, na mtu anaifanya huku kokoto zinamwingia shingoni.

Jioni ile Dánjal alipotupanga, tulikuwa ndani ya banda la mashua tulilolitumia kubadilishia nguo. Aliuliza nani atapiga penalti msimu huu. Mimi nilikuwa nahodha, nikainua mkono. Ukainua na wewe. Dánjal akatuambia tunyooshe mikono mbele yake, sote wawili, kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha. Wako ulitetemeka kidogo, kwa sababu ulikuwa umepakua samaki tangu alfajiri. Wangu ulitulia, kwa sababu nilikuwa nimeshinda nimeshika chaki. Akasema, “Basi. Hanus alale, Rógvi apige.” Nikamwuliza kama mwenye mkono uliotulia si ndiye anayefaa kupiga. Akanijibu mbele ya wenzetu wote, “Mwalimu, mpira haupigwi kwa mkono. Lala.”

Walicheka mpaka banda likatikisika. Wewe pia ulicheka, nami nakumbuka, kwa sababu nilikutazama kuona kama utacheka.

Nikueleze basi mtu aliyelala huona nini. Huona kokoto. Huona kidole chake na ngozi ya mpira. Kisha husikia hatua zinakuja, huona ncha ya kiatu chako cha kulia, na upepo wa mguu wako hupita kwenye ukucha wangu kama mtu aliyepuliza mshumaa. Halafu kelele. Msimu mzima ulifunga penalti kila tulipopata, na tulizipata nyingi kwa sababu mabeki wa wenzetu hawakuzoea kukimbia juu ya changarawe. Sikuona hata goli moja kati ya hayo, Rógvi. Nilipoinua kichwa, tayari walikuwa wamekubeba.

Mimi waliniachia maneno. “Amka mwalimu, kengele imelia!” “Mwacheni, anasahihisha kokoto!” Yule Tummas, kipa wetu, ambaye angepaswa kuwa upande wangu, ndiye aliyekuwa anaongoza. Na Jumapili tukikaa mezani, Mama alikuwa anakukatia wewe kipande cha kwanza, kisha ananigeukia mimi na kuniambia nivue sweta lile alifue, nimemjazia kokoto nyumbani. Sweta zetu mbili alizifuma kwa sufu ya kondoo mmoja. Lako lilichakaa kwa kuvutwa na mashabiki, langu kwa kuburuzwa chini.

Tena nikukumbushe usiku wa ngoma, baada ya kuwafunga wale wa kisiwa cha kusini. Ukumbi ulijaa, tukashikana mikono kwenye duara, tukawa tunaimba na kukanyaga sakafu kama kawaida. Nilikuwa nimesogea taratibu, hatua kwa hatua, nikimkaribia Birita. Ulipoingia mlangoni, Birita akauachia mkono wa dada yake ili upate nafasi. Ukaingia. Duara zima likafungwa, nami nikabaki upande wa pili nikiimba beti zote, kwa sababu mimi ndiye niliyezijua.

Miaka miwili baadaye nilimwoa mimi, wewe ukiwa umeshakwenda kutafuta kazi kwenye karakana ya meli. Sijamwuliza kamwe kuhusu duara lile, wala hajanieleza. Lakini Krismasi simu ikilia, hujitazama kwanza kwenye kioo, hurekebisha nywele, ndipo anapopokea. Nimemwambia kwamba simu haina macho. Akasema anajua.

Sasa siku ya mwisho ya msimu. Hapa nataka usome polepole.

Eystnes walikuja kwetu wakihitaji sare tu, nasi tulihitaji kushinda. Watu walijaa mpaka mlimani, magari yakapangwa kando ya barabara, kila hatari ikitokea wanapiga honi. Na siku ile, kwa mara ya kwanza msimu mzima, upepo haukuja. Bendera ililala kwenye mlingoti. Moshi wa kiwanda cha samaki ulipanda wima kama umechorwa kwa rula. Tulikuwa bao moja kwa moja, muda unakaribia kwisha, beki wao akateleza akakuangusha ndani ya boksi. Refa akaonyesha alama.

Unajua nilifanya nini? Nilitembea, nikatoka nje ya boksi, nikasimama mahali pazuri. Mpira ulikuwa umetulia pale kama yai kwenye kiota. Hakuna aliyehitajika kulala. Nilijiambia kwamba leo, angalau leo, nitaona mpira ukiingia kwa macho yangu kama watu wengine.

Wewe ukageuka ukaniita, “Kaka, njoo ulale.”

Refa akakwambia hakuna upepo, kijana. Ukamjibu kwamba upepo utakuja. Eystnes waliposikia hivyo hawakujiweza. “Mleteeni na shuka!” “Mama yake yuko wapi amwimbie?” Hata watu wetu walicheka, Rógvi. Nilikusogelea nikakuuliza kwa sauti ya chini kwa nini unanifanyia hivi. Hukunitazama. Ulisema, “Lala tu, kaka. Tafadhali.” Refa akainua mabega. Nikalala chini mbele ya visiwa vyote, siku isiyo na upepo, nikashika mpira ambao haukuwa unakwenda popote.

Ukafunga. Tukapanda daraja. Mwaka uliofuata tulifungwa karibu kila mechi tukashuka tena, na hilo hakuna anayelikumbuka. Wanachokumbuka ni picha. Iko pale kwenye jengo la klabu, juu ya meza ya kahawa: wewe uko hewani, mikono wazi kama shakwe, na chini kwenye pembe ya kushoto kuna nyayo mbili za viatu, moja ina tundu. Zile nyayo ni mimi. Chini wameandika jina moja tu.

Nimefundisha kusoma karibu kila mtu aliye chini ya miaka sitini katika kijiji hiki. Sunnvá mwenyewe nilimshika mkono akiandika herufi ya kwanza. Na kila mwaka, darasa jipya likiingia, mtoto mmoja alinyoosha mkono na kuuliza, “Mwalimu, ni kweli wewe ni kaka yake Rógvi?” Nilijibu ndiyo. Ungependa kujua nilijibu kwa sauti gani, lakini hiyo siwezi kuiandika.

Mwishoni mwa Februari Sunnvá alikuja jikoni kwetu, akavua viatu vyake vya mpira, akakaa. Alieleza mpango wake wote huku akila keki ya Birita. Akasema, “Mwalimu, mpigie simu Rógvi. Aje apige ile penalti. Na wewe utalala, kama zamani.” Alisema hayo akitabasamu, makombo mdomoni, wala hakujua amesema nini. Kama zamani! Birita alipiga makofi kama msichana. Mimi nikasema vizuri, nitampigia.

Mdogo wangu, sikukupigia.

Siku chache baadaye nilikutana na Sunnvá dukani, akaniuliza umesema nini. Nilikuwa nimesimama mbele ya maziwa. Nikamwambia umeshukuru sana, ila goti lako ni bovu na daktari amekukataza kusafiri. Yalitoka mdomoni yamenyooka kabisa, kama sentensi ya ubaoni. Sunnvá akasikitika. Akasema basi nani atapiga. Nikawa nasoma maandishi kwenye boksi la maziwa. Akanitazama, akasema, “Basi wewe, mwalimu. Nani mwingine?” Nilirudi nyumbani nimebeba yale maziwa kama mtu aliyebeba kombe.

Nadhani sasa umeelewa nani amepangwa kupiga.

Sikujua kwamba uongo ukiachwa peke yake huzaa. Wiki iliyofuata niliingia dukani nikamkuta Tummas anawaeleza watu habari zako. “Goti! Goti gani? Bwana, mtu amekuwa Mdenmaki, hataki tena kukanyaga kinyesi cha kondoo. Angeambiwa ni sherehe ya Kopenhageni, goti lingepona.” Wote wakacheka. Mmoja akasema hata mazishi ya shangazi yetu hukuja, na mwingine akadakia kwamba kama ni hivyo, picha yako ya nini pale klabuni, iteremshwe, iwekwe ya timu nzima. Sunnvá alikuwepo. Alisema si wazo baya.

Nilikuwa nimesimama pale na mkate wangu. Neno moja tu lingetosha. Mungu anisamehe, nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Nikiwaza picha ile inateremshwa, niliona hata ule mraba mweupe utakaobaki ukutani.

Birita hakufurahi. Alisema Rógvi si mtu wa kukataa hivyo. Kila siku alitaka kukupigia aulize hali ya goti. Nikamwambia umelala; siku ya pili, laini mbaya; siku ya tatu, tusimsumbue mgonjwa. Hakubishana. Alinitazama tu jinsi alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliokuja nyumbani kusema madaftari yao yalipeperushwa na upepo.

Alhamisi iliyopita upepo ulitulia, nikachukua mpira nikaenda uwanjani peke yangu kufanya mazoezi. Changarawe imekwisha siku hizi, wameweka zulia la plastiki la kijani, mguu hauzami. Nikauweka mpira kwenye alama. Ukakaa. Hakukuwa na kipa, hakukuwa na Eystnes, hakukuwa na mtu yeyote ila kondoo watatu nyuma ya uzio. Nikarudi nyuma, nikatazama goli, nikakimbia, nikapiga. Mpira ulikwenda kwa kondoo.

Nikapiga tena, ukapita pembeni. Nikapiga tena na tena. Rógvi, goli lilikuwa tupu! Lakini kila nikilitazama lilikuwa linasinyaa. Nilikuwa nauona mwamba wa juu, nauona wa kushoto, naiona bahari kule nyuma, namwona Tummas dukani anacheka, nakuona wewe. Nilipofika kwenye mpira, mguu ulikuwa tayari si wangu.

Birita alikuja na viatu vyake vya zizini na koti la mvua juu ya aproni, kuniambia viazi vimeiva. Alisimama akatazama mara mbili, mara tatu. Akasema, “Mzee, hata kondoo wamechoka kukimbia.” Kisha, bila kuombwa, akalala kifudifudi pale kwenye zulia lenye maji, akanyoosha mkono, akaweka kidole juu ya mpira. Nikamwambia hakuna upepo. Akasema, “Piga, tukale.”

Nikarudi nyuma nikatazama. Na sasa goli halikuwepo. Wala bahari, wala Tummas. Kulikuwa na kidole kimoja tu, chenye pete ya ndoa, na mahali padogo kando yake ambapo mguu wangu ulipaswa kufika, hapo na si kwingine. Nilikimbia, nikaufikia mpira, nikasimama ghafla. Birita alikuwa amefumba macho.

Nikamwuliza kwa nini anafumba macho. Akasema anaogopa. Nikamwambia mimi msimu mzima sikuwahi kufumba. Akanijibu bila kuinua kichwa, “Kwani wewe ni Rógvi?”

Nimekuwa mume wake kwa muda mrefu na nimesikia mengi, lakini hilo liliniingia kama maji ya bahari ndani ya buti. Nilirudi nyuma. Nilikuwa na hasira, nawe ulikuwa ndani ya hasira hiyo, na bado sikuona kitu ila kidole kile. Nikapiga. Mpira uliingia pembeni, taratibu, ukagusa wavu ukalala. Birita hakufumbua macho mpaka aliposikia wavu.

Nilisimama pale, ndipo nilipoelewa. Siku ile ya Eystnes hukuwa unanidhalilisha. Ulikuwa unaogopa. Msimu mzima hukuwahi kulenga goli. Ulipiga kando ya kidole changu, goli likawa linatokea lenyewe huko mbele. Siku upepo ulipokosekana, wakakuambia usimame pale peke yako, ukainua macho ukaona nilichokiona mimi Alhamisi, mbele ya watu wote wale. Ukaniita. Ulikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, ukakubali kuchekwa na visiwa vyote ili kaka yako awe karibu. Na mimi kwa miaka hamsini nimesimulia, moyoni mwangu, kwamba ulinilaza chini ili wewe uonekane mrefu.

Kama nimekosea kuelewa, nisahihishe. Lakini sidhani nimekosea. Umesema “tafadhali” mara chache sana maishani.

Palepale nikamwambia Birita kuhusu simu ambayo sikupiga na goti ambalo halina ugonjwa. Aliinuka akajipangusa maji tumboni, polepole, upande mmoja kisha mwingine. Nilingoja anitukane. Akasema, “Viazi vimepoa,” akatangulia. Alipokuwa anaosha sahani akasema hakuna haja ya kumweleza yeye, nikakueleze wewe, tena kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu ningeanza vizuri na kuishia kwenye hali ya hewa. Ananijua.

Jana nilikwenda kwa Sunnvá nikamwambia ukweli, nimesimama, kofia mkononi. Kisha akasema, “Mwalimu! Kumbe hata wewe?” Nikasema hata mimi. Nilimwomba aende kwa Tummas na wenzake awaeleze. Alikataa. Akasema mdomo uliosema goti ndio utakaosema hakuna goti. Kwa hiyo leo, tulipotoka kanisani, watu wakiwa bado wamesimama mlangoni wakifunga makoti, nilisema. Tummas akasema: “Kumbe mwalimu naye anatunga uongo kama sisi wavuvi.” Watu walicheka, nami nikavumilia. Sunnvá amesema nafasi ya mpigaji itabaki wazi mpaka Ijumaa. Baada ya hapo karatasi za sherehe zinachapwa, na kama hujasema neno, wataandika jina langu.

Usidhani nimekuandikia haya kwa sababu wivu umekwisha. Mimi ni mtu mzima, sipendi kujidanganya mara mbili katika mwezi mmoja. Bado nakuonea wivu, tena wa leo ni mkubwa kuliko wa zamani. Zamani nilikuonea wivu kwa goli, na kwa kipande cha kwanza cha nyama, na kwa mkono wa Birita kwenye duara. Sasa nakuonea wivu kwa sababu ulikuwa na mtu wa kulala mbele ya mguu wako bila kufumba macho, na mimi sikupata. Nimefikiri sana kuhusu jambo hili, kwa sababu mtu huyo nilikuwa mimi, na ni ajabu mtu kumwonea mwenzake wivu kwa kuwa na yeye mwenyewe. Lakini ndivyo ilivyo.

Mpigaji ni wewe. Sitaki jina langu kwenye karatasi ile, ingawa nimelitaka maisha yangu yote. Ndiyo, hilo nalo lisome mara mbili. Nitalala mimi. Ikiwa kuna upepo au hakuna, nitalala, na wakicheka watatucheka sote wawili pamoja. Jioni yake kuna chakula ukumbini na kuimba kwenye duara, na mahali pa kusimama pale utachagua mwenyewe. Mimi nitasimama karibu na mke wangu, nakuambia mapema.

Barua hii anakuletea mkononi binti wa Tummas, anayeruka kesho asubuhi kurudi kazini huko kwenu, kwa hiyo utaipata kabla ya Jumanne. Mpe kahawa, lakini usimwulize lolote, maana atakueleza yote na mengine yasiyokuwemo. Nisalimie shemeji Lisbet, na watoto wenu, na mjukuu aliyezaliwa majira ya baridi ambaye bado hatujamwona. Birita anasema ulete Lisbet pia; chumba cha juu kina joto. Nami nakuombea afya, na safari isiyo na mawimbi, na nakuomba radhi, jambo ambalo nimeliacha mwisho kwa sababu ni zito kuliko mengine yote.

Leo hii, ukimaliza kusoma, kabla hujavua miwani, mpigie simu Sunnvá umwambie unakuja.

Kaka yako,
Hanus